Vyumba sita njia ya Naliendele: shajara ya ujenzi

MWISHO WA MEI

Mvua zimekata. Kuanzia leo maendeleo yote ya saiti ntayaandika humu, maana watu wa kikundi walioko Dar na Masasi kila siku wanapiga simu, vipi mmefikia wapi, vipi ile hela ya saruji, na bando langu lote linaishia kwenye kujibu. Mwenye swali asome kwanza.

Kwa wageni, kifupi. Tuna vijana, na sio vijana tu maana wapo na wababa wazima wenye wajukuu, waliotoka kwenye unga, yani heroini, au kwenye pombe. Wa unga wengi walianzia Dar, wakapita soba hausi, zile nyumba za kuachia unga, huko huko, miezi minne au sita ya mitingi na kushea na kufua mashuka, wakatoka wazima kabisa. Siku ya kutoka mtu anapewa begi lake na nauli. Anashuka stendi hapa Mtwara usiku, aende wapi? Kwao alishang'oa mpaka bati za jiko la mama yake akauza, hawamfungulii. Kupanga chumba mjini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Basi anaenda kulala kijiweni alikotokea, na watu wa kijiweni ndo pekee wanaomfurahia. Baada ya hapo mtaa mzima unasema hawa watu hawaponi. Mimi nasema wanapona, shida ni pale wanapokwenda kulala.

Kwa hiyo tunajenga vyumba sita vidogo, mtu mmoja chumba kimoja, ufunguo wake mwenyewe. Mzee mmoja upande wa Naliendele ametupa kipande cha shamba kwa mkataba wa miaka kumi, umesainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ndani yake kuna mikorosho, na hiyo mikorosho ina kesi yake ntaieleza ikifika msimu.

JUNI

Mkutano wa mtaa umefanyika chini ya mwembe, watu wengi kuliko nilivyotegemea. Mama mmoja akasimama, akaamkia wazee, halafu akasema wazi, "Wanangu, mimi sina ubaya na nyie, ila mnatuletea wezi wa kuku." Watu wakacheka lakini yeye hakucheka. Mwingine akauliza fensi itakuwa ya urefu gani ili wasitoroke usiku. Tukajibu hakuna fensi, hakuna geti wala mlinzi, hawa sio wafungwa, anayetaka kuondoka anaondoka kwa miguu yake mchana kweupe. Hilo liliwashtua kuliko yote. Kilichotuokoa ni babu mwenye shamba, alisema maneno machache tu, kwamba kila nyumba iliyowakilishwa pale ina mtu wake anayekunywa nipa, gongo ya mabibo ya korosho, wa kwake yeye alishamzika, na asiye na mtu kama huyo anyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha. Mwenyekiti akafunga mkutano.

Michoro sasa. Nimesoma sana habari za wenzetu Marekani maana wao wameanza zamani. Kuna kijiji kinaitwa Quixote Village, mji wa Olympia jimbo la Washington, kilifunguliwa Desemba 2013 kwa watu waliokuwa wanaishi kwenye mahema, vijumba 30, kila kimoja futi za mraba 144. Yani ukubwa ni kama chumba cha futi 12 kwa 12. Nilipomwonyesha fundi alinitazama akasema hilo si geto tu, hicho si ndo chumba ambacho nusu ya Mtwara wanaishi na watoto juu? Ni kweli. Wao kule udogo ndo habari yenyewe, sisi hapa udogo hatuna haja ya kufundishwa. Kilichonifaa kwao ni mpangilio, vijumba vinatizamana na kuna nyumba moja ya pamoja yenye jiko na mabafu na sehemu ya kukaa.

Tumekubaliana futi 10 kwa 12, safu mbili za vyumba vitatu vitatu, vinatizamana, katikati uwanja, na mbele ya kila safu baraza moja ndefu isiyokatwa na kuta. Jiko na vyoo viwili vimekaa mwisho wa uwanja. Baraza ndo nimeipigania kuliko kitu chochote. Kuna wajumbe walitaka tuondoe baraza tupate chumba cha saba kwa hela ile ile, kwenye karatasi hesabu yao iko sawa. Lakini mtu aliyetoka kwenye unga ukimpa kuta nne na mlango halafu basi, umemjengea sehemu nzuri ya kurudia unga. Kwenye mitingi kuna mambo manne wanafundishana kujichunga nayo, njaa, hasira, upweke na uchovu. Upweke hauzuiliki kwa kumwambia mtu njoo tuongee, unazuilika kama hawezi kwenda chooni bila kupita mbele ya mwenzake anayekaanga dagaa.

Madirisha makubwa yote yanaelekea kusini mashariki tule upepo wa kusi, na ukuta wa pili juu kuna matundu ya kutolea joto.

JULAI

Tunatumia matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayosukumwa kwa mashine ya mkono. Wakala wa utafiti wa nyumba bora, NHBRA, wameyatangaza miaka mingi na bado watu wanayaona ya kimaskini, sijui kwa nini, maana hayachomwi kwa kuni na huhitaji udongo wa saruji kati ya kozi na kozi, yani mstari na mstari wa tofali, yanakamatana yenyewe, unafunga kozi ya chini na rinta basi.

Ila udongo lazima uupime. Chukua chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, udongo karibu nusu, maji, chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu halafu uiweke mahali isiguswe. Mchanga unashuka palepale, vumbi laini linafuata, mfinyanzi unakawia mpaka kesho yake. Udongo wetu wa juu ulikuwa mchanga mtupu, tofali lingebomoka kwenye kona. Babu akatuambia tuchimbe karibu na kichuguu kwenye mpaka wa shamba, kule kuna wenye kushika. Tumechanganya aina mbili, tukajaza kiboksi cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, tukaacha ukauke kivulini kuona umesinyaa kiasi gani, ukisinyaa sana unaongeza saruji. Saruji hatuna shida, kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa Mtwara, angalau hilo Kusini tumebahatika.

Maji ya kuchanganyia mnapima hivi, finyanga donge, liachie kutoka kifuani lidondoke chini penye ugumu. Likibaki limebonyea tu maji yamezidi, likisambaratika vumbi maji hayatoshi, likivunjika vipande vichache vikubwa hapo hapo piga mashine. Kuna mzee kwenye kundi letu, alikunywa miaka mingi mpaka mikono ikawa inatetemeka, saa hizi ndo fundi wa donge, hatumruhusu mwingine kupima.

Matofali yanakaa chini ya turubai yakimwagiliwa wiki nzima. Asubuhi kazi inachelewa kwa sababu majirani wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule moshi wa njano unatufikia, watu wanakohoa, tunasubiri upepo utulie. Na nusu ya vibarua wetu wametukimbia kwenda kupuliza maana huko wanalipwa zaidi. Siwalaumu.

AGOSTI

Msingi umekwisha, kozi zinapanda haraka. Safu ya kwanza iko usawa wa dirisha. Nondo za milimita 12 zimesimamishwa kwenye pembe, zinapita ndani ya matundu ya matofali halafu tunamimina zege laini. Mchanga wa zege tumeukataa wa ufukweni ingawa ni wa karibu, ule una chumvi na chumvi inakula nondo, nenda kaangalie nguzo za nyumba nyingi za pwani zilivyopasuka.

Suala la malipo limeleta mjadala mkubwa. Tumewaajiri wenyewe watakaokaa humu kama saidia fundi, kila Jumamosi wanalipwa. Sasa Jumamosi jioni, mtu ana hela mfukoni, mgongo unauma, ametoka kazini, kuna kitu kinamkumbusha zaidi ya hapo? Mjumbe mmoja akapendekeza hela zao tuwashikie sisi. Wakakataa, na walikataa kwa hasira, mmoja akasema nimeshikiwa hela na mama, nimeshikiwa na dada, nimeshikiwa na soba hausi, nitashika lini? Wakaenda pembeni wakajadili wenyewe na jibu walilorudi nalo ni zuri kuliko letu. Wamecheza mchezo, kila wiki kila mmoja anatoa nusu, anapewa mtu mmoja kwa zamu, na anayepokea siku hiyo anasindikizwa na wawili kwenda kununua anachotaka, godoro, jiko la gesi, simu. Sasa hela inageuka kitu kabla haijalala mfukoni. Mimi nilikuwa kwenye ule mkutano na sikuwa na la kuongeza.

SEPTEMBA

Milango. Hapa ntaandika kirefu kwa sababu fundi seremala tumebishana naye mpaka akanuna.

Milango yetu yote ya vyumba inafunguka kwa nje. Kila mtu anayepita anasema mmekosea, mlango wa chumba unafunguka ndani, ustaarabu ndo huo. Sababu iko hivi. Mtu aliyekaa bila unga miezi kadhaa mwili wake umeshasahau, akiteleza akarudia kiasi kile kile alichokuwa anatumia zamani pumzi inakata, na ndo maana hatari ya kufa ni kubwa sana kwenye kurudia. Akianguka ndani ya chumba kidogo mwili wake unaziba mlango, na mlango wa kufunguka ndani hapo umekuwa ukuta. Wa nje unauvuta, unamtoa, unamlaza ubavu asipaliwe, unampeleka hospitali ya Ligula. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna komeo la ndani la chuma, kuna kitasa tu, na funguo ya akiba ya kila chumba inakaa kwa watu wawili waliochaguliwa na wenzao. Vyoo pia hivyo hivyo.

Niliwauliza wenyewe kama hili linawadhalilisha. Yule aliyekaa Dar muda mrefu alisema rafiki yake alikufa chooni huku wao wako nje wanagonga. Baada ya hapo seremala akaacha kununa, akahamisha bawaba.

Kwa wa pombe hatari iko kwingine, iko kwenye kuacha ghafla. Arosto ya unga inatesa, mtu anatapika anaharisha anaomba kufa, lakini mara nyingi anaivuka. Mlevi wa kila siku akikatisha siku moja anaweza kushikwa na degedege na akafa kweli. Kwa hiyo hapa sio pa kuachia pombe, hiyo inafanyika hospitali mbele ya daktari, kwetu mtu anakuja ameshavuka. Nimeombwa na familia mbili hivi karibuni tuwachukue watu wao wakiwa bado wanakunywa "mkae nao watatulia", nimekataa, na najua nimeonekana na roho mbaya.

MWISHO WA SEPTEMBA

Kenchi zimekaa. Mbao tumepaka oili chafu, huku mchwa hawana mchezo.

Bati zimetupa kesi. Tuliagiza geji 28 kwenye duka moja la hadiwea, risiti imeandikwa 28, bati zimeshushwa fundi kaikunja moja kwa vidole akacheka. Tukapeleka kipimo, ni nyembamba. Tumebishana hapo dukani nusu siku, wamebadilisha wakituangalia kama sisi ndo wakorofi. Mnaojenga pimeni kabla gari halijaondoka.

Kwa nini tunang'ang'ania, watu wanasahau haraka. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja kwetu, Mtwara watu waliambiwa wahame mabondeni, kikaishia kutua Cabo Delgado hapo ng'ambo ya Ruvuma na kule kilibomoa. Mei 2024 ikaja Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika. Kwa hiyo kila kenchi imefungwa kwa hupaini, ule utepe wa chuma, kutoka kwenye rinta, na paa la baraza limejitenga na paa la chumba, upepo ukinyanyua uondoke na baraza utuachie chumba.

Makuti yalipendekezwa, na kiukweli chumba cha makuti ni baridi hakuna mfano. Lakini hawa watu sigara hawajaacha, na sioni sababu ya kuwadai waache vyote kwa mkupuo. Sigara na makuti hapana.

OKTOBA

Sasa mikorosho.

Msimu umeanza, korosho zinadondoka na mabibo yake. Kwa msomaji wa bara, bibo ni lile tunda lenyewe, korosho inaning'inia chini yake. Likilala chini kwenye jua haliulizi mtu, linaanza kuchacha lenyewe, na kwa siku mbili shamba zima linanukia uraka. Ukichuja ukaacha ni uraka, ukichemsha ukanasa mvuke ni nipa, na kuanzia sasa mpaka Desemba kila njia ya vumbi kuna mtu ana ndoo yake. Halafu ndo wakati hela za minada ya korosho zinaingia. Kwa mtu anayeacha pombe Kusini hii ndo miezi yenyewe, miezi mingine ni mazoezi.

Na sisi tumejenga katikati ya mikorosho. Wajumbe wa Dar wameniandikia kata hiyo miti. Nikamwendea babu na heshima zote, shikamoo, nikazunguka zunguka mpaka nikafika. Babu hakukasirika, alisema tu, "Mwanangu, mkorosho huu ulisomesha watoto wangu wanne. Wewe kata, halafu uniambie wa tano nimsomeshe na nini." Mazungumzo yakaishia hapo.

Aliyemaliza kesi ni mzee wetu wa donge. Alisema hata mkikata ya hapa Mtwara yote ni mikorosho, nikitoka barabarani ntafanyaje, nitembee nimeziba pua? Akapendekeza mabibo yaokotwe kila siku alfajiri kabla jua halijatoka, yeye atasimamia. Korosho zinaenda kwa babu kama kawaida mpaka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mabibo yanafukiwa kwenye shimo la mboji mbali na vyumba na kufunikwa udongo siku hiyo hiyo, mengine anachukua jirani kwa ng'ombe wake. Mwanzoni niliogopa, mlevi kumpa kazi ya kushika mabibo. Nikamwuliza sponsa wake, yule mwenzake wa mitingi anayemwongoza, akaniambia muulize mwenyewe. Nikamwuliza. Akasema, mkononi hayana shida, yakiwa chini yananuka ndo yana maneno.

Wameweka na sharti, hakuna anayeokota peke yake. Kuna dogo mmoja ameomba asiwekwe kwenye zamu kabisa, amesema wazi hataweza, na wenzake wamemkubalia wakampa kufagia jiko. Tumejaribu pia kukausha baadhi kuwa kochoko, yanauzika, ila kwa sasa hatuna pa kuyaanika, labda mwakani.

NOVEMBA

Plasta ya ndani imekwisha, sakafu imekwisha, nyavu za mbu zimewekwa. Umeme bado.

Tumekaa kikao cha sheria. Niliwasomea habari za Oxford House, nao ni Marekani, walianza 1975 Silver Spring jimbo la Maryland, nyumba inaendeshwa na wakaaji wenyewe bila bosi, wanapiga kura, wanagawana kodi sawa, na anayerudia anaondoka. Utafiti mmoja wa Illinois uliotoka 2006 ulifuatilia watu 150, nusu walipelekwa kwenye nyumba hizo na nusu wakaachwa na huduma za kawaida, baada ya miaka miwili waliokuwa wanatumia tena ni kama 31 kwa mia upande wa nyumba na kama 65 upande wa pili. Kule kwenye zile nyumba hakuna daktari ndani wala mshauri, kuna wapangaji wanaoangaliana.

Kodi wameikubali bila kelele, kidogo, kila mwezi, inaingia kwenye ukarabati na maji. La kufukuza ndo lilichukua jioni nzima. Wengine walitaka kama Oxford, umerudia begi nje. Wengine wakasema ukimtoa usiku ule ule unamrudisha kijiweni na ule mwili uliosahau, umemuua. Kura ikaangukia katikati, aliyerudia halali humu usiku huo, lakini hatolewi peke yake, wawili wanampeleka hospitali au kwa ndugu aliyemwandikisha, na chumba chake kinasubiri mwezi mmoja. Akiuza au kuleta kitu ndani ya uwanja, hapo hakuna mwezi. Mimi binafsi ningeongeza muda lakini sina kura, na ni sawa nisiwe nayo, sikai humo.

Swali linalorudi kila mara: mnachukua walioko kwenye methadoni, ile dawa ya kunywa badala ya unga? Tungependa. Lakini dawa ile kwa kawaida mtu anainywa klinikini kila siku mbele ya mhudumu, ndo utaratibu tangu Muhimbili walipoanza 2011, kwa hiyo mtu hawezi kuiacha kliniki yake Dar akahamia huku tu kwa sababu kuna chumba. Familia msiwatoe watu wenu kwenye dozi eti kwa sababu mmesikia kuna nyumba Mtwara. Bora akae karibu na kliniki yake amepanga kona ya sebule.

DESEMBA

Wanne wameingia. Mzee wa donge kachukua cha mwisho karibu na shimo la mboji, anasema anataka kuona kazi yake. Kile cha tano kinasubiri mtu anatoka soba hausi mwezi huu, cha sita tumekiacha wazi kwa makusudi ili anayeshuka stendi usiku asiambiwe subiri tujadili.

Yule mama wa kuku alikuja, hakusema kitu cha maana, akakaa barazani akaomba maji, akawaangalia wanavyopika, akaondoka. Juzi kamtuma mjukuu wake aje aulize nani anaweza kumtengenezea banda la kuku. Wameenda wawili.

Mvua ya kwanza ya maana imepiga na paa halijavuja. Sasa tunapoteza maji na inaniuma, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, paa zetu na baraza ni kama mita 90, mvua ya milimita 20 tu ni karibu lita 1,800 zinaenda kuchimba uwanja huku tunanunua maji ya madumu. Simtanki la lita 5,000 lipo na limekaa kwenye msingi wake, gata za safu moja zimefungwa, za safu ya pili hazipo. Fundi anasema Jumatatu. Mwenye mabomba ya inchi nne yaliyobaki kwenye ujenzi wake, hata vipande, anijulishe kabla ya Jumatatu, bodaboda tutalipa sisi. Mlango wa choo cha pili pia bado, na huo nao unafunguka nje, seremala usijisahau.